Mfumaji Asiye na Dada

Harclough, Lancashire
5 Februari, 1826

Kaka Amos,

Nilifika salama, kama Mzee Sagar mchukuzi alivyokwisha kukuambia. Ningekuandikia mapema lakini sikujua nianze na nini. Shuleni mwalimu alitufundisha kumwandikia askofu na kumwandikia mfiwa. Kumwandikia kaka hakutufundisha.

Basi nianze na kelele. Wewe unajua sauti ya kitanda chetu cha kufumia, jinsi kinavyogonga kisha kinapumua, na katikati yake mtu anaweza kuimba. Hizi mashine za mvuke hazipumui. Ziko chini ya dari moja, safu kwa safu, na zote zinagonga kwa pamoja. Siku ya kwanza niliziba masikio. Dada Dorcas, ninayepanga kwake na ndiye anayenifundisha kazi, alinishusha mikono akanitolea ulimi. Tulipotoka nje aliniambia, "Ukingoja kunisikia mle ndani utazeeka umesimama."

Mle ndani hakuna anayetumia sauti. Wanawake huchonga maneno kwa midomo, taratibu na kwa upana, kama mtu anayemlisha mtoto uji, na aliye upande wa pili wa chumba anasoma. Wanataniana hivyo kutwa. Dorcas anaweza kumsengenya nyapara akiwa nyuma yake hatua mbili, na safu nzima ikacheka bila yeye kujua. Mimi nimejifunza upesi kuliko walivyotarajia. Unajua shuleni nilivyokuwa, mwalimu akinirudisha nyuma darasani niseme tena, niseme tena, mpaka machozi. Humu hakuna wa kuniambia niseme tena. Kwa mara ya kwanza niko sawa na wengine.

Ila jioni mvuke ukizimwa kila mtu anarudiwa na sauti yake, wanatoka wakipiga kelele barabarani, na mimi nabaki pale pale. Jumapili nilitembea mpaka mwisho wa mtaa nikaangalia mlima. Crowshaw kwetu haionekani kutoka huku. Niliangalia hivyo hivyo.

Unakula? Unafunga dirisha la juu?

Dada yako,
Zillah

*

Crowshaw
26 Februari, 1826

Zillah mdogo wangu,

Barua yako niliisoma, halafu nikaisoma tena kwa sauti ili kitanda cha kufumia nacho kisikie, maana tangu uondoke ndicho ninachozungumza nacho. Kinajibu kuliko ulivyokuwa ukijibu wewe.

Kwa hiyo umepata mji mzima wa watu wasiosikika. Baba angecheka. Alikuwa akisema Mungu alikuumba akasahau kukufungulia mlango. Usimwambie huyo Dorcas kwamba wewe ndiye uliyemfukuza fahali wa Haslam kwa ufagio bila kutamka neno, atakuogopa.

Chakula kipo. Uji nakula, tena siku hizi naupenda mwepesi. Dirisha nafunga. Mgawa nyuzi wa tajiri amenipa kazi ya kufuma, si nyingi sana, si haba. Anasema kitambaa cha mashine kimejaa madukani na chetu kinangoja. Nilimwambia kitambaa changu kina subira kuliko mimi. Hakucheka, lakini huyo mtu hata harusini kwake hakucheka.

Pasaka usije. Njia ya mlimani ni matope matupu, na mimi nitakuwa nimebanwa na kazi, sitapata hata nafasi ya kukuangalia. Mama Haslam jirani hajambo. Watu wote hawajambo. Kaa huko, ujifunze hizo mashine vizuri.

Kaka yako,
Amos

*

Harclough
19 Machi, 1826

Kaka Amos,

Kama kazi ni nyingi mpaka huna nafasi ya Pasaka basi nimefurahi, ingawa nilikuwa nimekwisha kufua gauni la kuja nalo. Nampa Mzee Sagar unga wa shayiri akuletee. Usikatae. Najua utasema unao, basi weka kwenye kile chungu cha mama na huu uwe wa akiba.

Nimepewa mashine zangu mwenyewe, mbili, za safu ya pili dirishani. Nazifuta mafuta kila jioni hata kama hakuna anayeniagiza. Dorcas anasema nazibembeleza kama ndama.

Kuna jambo la kuchekesha ambalo mimi halinichekeshi. Kanisani Jumapili tuliimba, na katikati ya wimbo mama mkwe wa Dorcas alinigonga kiwiko. "Toa sauti, mtoto. Hapa si kiwandani." Nilikuwa naimba kwa midomo tu, beti zote, na nilidhani naimba. Imenitokea tena dukani. Muuza duka alinitazama, nikamtazama, mpaka Dorcas akamwambia ninachotaka. Sijui kama ni aibu yangu ya zamani au ni ugonjwa mpya. Nikiwa na wewe ningejua, maana wewe ungenitania mpaka ningekasirika nikapiga kelele.

Mzee Sagar anasema umekonda. Amekosea? Na anasema Mama Haslam haulizi tena habari zangu. Nimemkosea nini?

Nyapara anasema kuna wafumaji wa milimani wanaapa kushuka kuvunja mashine. Dorcas amemjibu, "Wakija nitawaazima nyundo, ila wangoje kwanza nimalize kitambaa changu." Wote tulicheka. Nadhani ni maneno tu. Wewe unasikia nini huko?

Dada yako,
Zillah

*

Crowshaw
20 Aprili, 1826

Zillah,

Unga umefika. Nimegawana na Mama Haslam, kwa hiyo sasa anaulizia habari zako tena, usiwaze. Sagar macho yake mabovu; juzi alimsalimia mbuzi.

Nisikilize. Jumatatu uwe mgonjwa, na siku zinazofuata uwe mgonjwa. Mwambie Dorcas una homa, ulale, ufunike uso. Usiende kiwandani wiki hiyo yote. Usiniulize kwa nini, na barua hii ichome.

Hujawahi kunidanganya, najua, na hujui kudanganya. Jifunze kwa wiki moja.

Amos

*

Harclough
30 Aprili, 1826

Kaka Amos,

Sikuweza. Jumatatu nilimwambia Dorcas nina homa, akaniwekea kiganja cha mkono kwenye paji la uso akasema, "Uko baridi kama sufuria. Vaa viatu." Nikavaa. Siku ya pili sikujaribu tena. Nisamehe, sikujua kusema uongo huku mtu ameniwekea mkono.

Kwa hiyo nilikuwepo mlipokuja Jumatano.

Nyapara aliwaona mnashuka mlimani, akazima mvuke, akatutoa nje tusimame ukutani. Mashine zote zilinyamaza mara moja. Sijawahi kusikia kimya kama kile. Nilisikia hata viatu vyenu vya mbao barabarani kabla sijawaona. Halafu niliwaona. Nilidhani nitaona majitu kama nyapara alivyosema, kumbe nilimwona Robert Haslam, na mwimbaji wa kanisa letu, na watu waliokonda mpaka nikawatambua kwa kofia tu. Na wewe ukiwa na nyundo ya mhunzi. Mzee Sagar hana macho mabovu, Amos. Kwa nini hukuniambia?

Kutoka pale ukutani nilikuwa naona njia ya mtoni. Askari wa farasi walikuwa wanapanda. Ulikuwa umekwisha kutoka ndani, umesimama mlangoni unapumzika, karibu na mimi kama kutoka jikoni mpaka ngazi zetu. Nilikuambia askari wako darajani, pita nyuma kwenye bwawa, ukimbie. Nilikuambia tena. Ulinitazama usoni kabisa. Kisha uso wako ukabadilika, ukageuka, ukarudi ndani. Nikasikia nyundo.

Askari walipofika sisi wanawake tulisukumwa mtaani, sikuona tena. Wapo waliokimbilia bwawani. Naomba Mungu uwe mmoja wao na barua hii ikukute nyumbani.

Lakini niambie kwa nini ulirudi ndani. Mashine zangu zote mbili zimevunjwa. Sizililii hizo. Nataka kujua tu kwa nini ulinisikia ukarudi.

Dada yako,
Zillah

*

Harclough
21 Mei, 1826

Kaka Amos,

Mzee Sagar alirudisha barua yangu. Alisema mlango wa nyumba yetu umepigiliwa ubao na wewe uko katika gereza la ngome ya Lancaster pamoja na Robert Haslam. Naituma sasa pamoja na hii kwa mkono wa Mama Haslam, anayekwenda kumwona mwanawe. Anasema wewe huongei na mtu.

Nilidhani umenikasirikia kwa sababu nafanya kazi kwenye hizo mashine. Nikakaa na wazo hilo wiki kadhaa. Jana tulikuwa tunamenya viazi na Dorcas, nikamwambia kwamba nilikuita na hukutaka kunisikiliza.

Akasema, "Hukumwita."

Nikasema, "Nilimwita, tena na tena. Wewe si ulikuwa ubavuni kwangu?"

"Ndiyo nilikuwa ubavuni kwako, ndiyo maana najua. Mashine zimezimwa, hata panya angesikika, na wewe unaongea kama tuko ndani. Hakikutoka hata kipande cha sauti. Mimi nilikuelewa kwa sababu nimeota mizizi mle. Yeye ni mfumaji wa nyumbani, Zillah. Aliona binti anafungua mdomo na kuufunga."

Nikamuuliza kwa nini hakupiga kelele yeye. Akaweka kisu chini. Akasema, "Nina watoto wanne, na nyapara alikuwa amesimama pale." Kisha akakiokota, tukamenya viazi mpaka vikaisha.

Amos, sikukunyamazia. Nilidhani nimepiga kelele. Nilizisikia kelele zangu mwenyewe kichwani. Ulidhani nasema nini? Tafadhali niandikie hata mstari mmoja. Kama wamekunyima kalamu, mwambie Mama Haslam kwa mdomo.

Hapa ukarabati haujaanza. Tunafagia vioo.

Dada yako,
Zillah

*

Lancaster
11 Juni, 1826

Bi Dorcas,

Hatujuani, na wala sitakulaumu ukisema hivyo kwa yeyote atakayekuuliza. Barua hii inakuja kwako na mama mmoja unayeweza kumwamini. Nimesikia kwamba wewe husomi, kwa hiyo itakubidi utafute mtu wa kukusomea. Huyo mtu asome kwa sauti mpaka mwisho, na asilie, atakuharibia karatasi.

Kuna binti anapanga kwako. Mwambie nimepata barua zake zote. Mwambie asiandike tena jina langu juu ya karatasi, wala lake chini yake. Hakimu aliniuliza nina ndugu gani. Nikasema nilikuwa na baba na mama, wamekufa. Akauliza, na dada? Nikasema sina. Aliniuliza tena, nikamjibu hivyo hivyo, akaandika. Tunasikia humu kwamba wenye viwanda vya upande wenu wameapa hawatamrudisha kazini ndugu wa mtu yeyote aliyeshika nyundo, wala hatapokewa kiwanda kingine. Wenye jina la Pilling wamejaa kaunti nzima, kwa bahati nzuri. Jina peke yake halimfungi mtu.

Sasa lile swali lake. Nilimwona ukutani. Nilikuwa nimechoka, na kweli nilikuwa natoka. Nikaona mdomo wake unakwenda, uso umekaza, na Robert nyuma yangu akasema, "Tazama, dada yako anatulaani." Nikaamini. Niliona ana haki, na hilo ndilo lililoniuma. Mkate wake ulikuwa humo ndani, nami nilikuwa naugonga kwa nyundo. Mtu akilaaniwa na mwenye haki anapata hasira mbaya kuliko ya kuonewa. Nikarudi ndani nikavunja ya kwanza iliyokuwa mbele yangu, na iliyofuata. Safu ya pili, dirishani. Kwa hasira sikukumbuka ni za nani mpaka niliposoma barua yake.

Mwambie si mdomo wake ulionikamatisha. Nyundo ilikuwa mkononi mwangu mimi, na tangu Februari nilikuwa naishi kwa maji ya uji huku namwandikia nimeshiba. Kama ningemwambia ukweli mwezi ule angejua sina sababu ya kumdharau, nami ningejua hana sababu ya kunilaani.

Mashine mpya zitaletwa. Tulizigonga siku tatu, kiwanda kwa kiwanda, na wao watazinunua kwa wiki moja. Azipate hizo mpya, azifanyie kazi, ale. Sina kingine cha kumpa.

Asije Lancaster.

Mfumaji asiye na dada

*

Harclough
3 Septemba, 1826

Kaka Amos,

Nilimsomea Dorcas barua yako kwa sauti mpaka mwisho. Nililia, lakini niliishika karatasi mbali na uso. Dorcas alisema, "Kaka yako ana ulimi. Wewe wako alikuibia nani?" Halafu akaenda kukaa peke yake uani. Barua tuliichoma. Nilikuwa nimekwisha kuishika moyoni.

Umesema nisije, na nilikuja. Mama Haslam aliponipitia kusema mmehukumiwa kunyongwa na kisha mmesamehewa mpelekwe uhamishoni ng'ambo ya bahari maisha, nilimwomba nifuatane naye. Njia nzima alitembea mbele na mimi nyuma, kama watu wasiojuana. Alinipa nusu ya mkate wake wa shayiri bila kugeuka.

Langoni walikuwa wanaingiza ndugu tu kuaga. Askari jela alikuwa na kitabu kikubwa, kila mwanamke anataja jina lake na ni nani wa nani, anaandika, anapita. Mama Haslam alikuwa ameninong'oneza kwamba kitabu hicho kinasomwa na mahakimu, na mahakimu wa kwetu ndio hao hao wenye viwanda. Nilikuwa nimeamua nitasema mimi ni jirani. Mwanamke mmoja mbele yangu alisema jirani, akarudishwa.

Askari akauliza, "Wewe unamtaka nani?"

"Amos Pilling."

"Wewe ni nani wake?"

Nikasema, "Mimi ni dada yake."

Nilisema wakasikia mpaka wa mwisho kwenye foleni. Askari akafungua kurasa za nyuma. "Huyu aliandikisha hana mtu." Nikamwambia amuulize mwenyewe. Alikuwa mtu mwenye huruma kiasi, akamtuma mwenzake. Nilisimama pale nikiwa nimeikazia macho kalamu yake, ile anayoandikia jina, nikingoja ianze la kwangu. Sikuwaza mashine hata kidogo. Nilichowaza ni kwamba utaniambia nimeota ndevu, au neno lolote la kipuuzi, na mimi nitakujibu.

Yule mwenzake alirudi anacheka. "Anasema amepata mikosi mingi maishani lakini dada hajapata. Anasema huenda binti amepotea njia. Na kama ana kazi mahali, akimbie asije akaikosa."

Wanawake kwenye foleni walicheka. Hawakuwa na ubaya, ila siku kama ile mtu anacheka kinachomjia. Askari akafunga kitabu bila kuandika. Mama Haslam aliingia kwa mwanawe. Mimi nilikaa kwenye jiwe barabarani mpaka alipotoka. Nilimuuliza kama amekuona. Akasema ulikuwa umekaa umeelekea ukutani, na Robert alimwambia kwamba askari alipogeuka kuja kutujibu ulijiziba masikio, kama mtoto anayeogopa radi.

Nilikukasirikia njia yote ya kurudi. Sasa hasira imekwisha. Labda bado kidogo.

Jumatatu mashine mpya zilianza. Zimepakwa rangi ya kijani, na zinakwenda kasi kuliko za kwanza. Nyapara alitupanga mstari na kupita kwa mmoja mmoja. Alipofika kwangu alisema, "Pilling. Kuna Pilling mmoja wa Crowshaw anasafirishwa. Wako?"

Dorcas aliangalia sakafu.

Nikasema, "Hapana, bwana. Sina kaka."

Akanipa mbili, dirishani. Wengine ambao ndugu zao wanajulikana wametolewa nje, na mmoja ni yule msichana aliyekuwa ananisukia nywele. Alinitazama wakati anafunga shali yake. Anajua. Hakusema.

Kwa hiyo imekuwa kama ulivyotaka. Ninakula. Ninalala pale pale kwa Dorcas. Nyumba yetu ameingia mtu mwingine, amekitoa kitanda cha kufumia kwa vipande kupitia dirisha la juu kwa sababu hakikupita mlangoni. Mzee Sagar alikiona. Watu wakiniuliza kwetu tulizaliwa wangapi nitasema mmoja, na wakiniuliza mwakani nitasema hivyo, na sijui itakuwaje siku nitakapokuwa nimezoea. Wewe huko utakuwa na nani wa kumwambia kuwa hukuwa peke yako?

Mama Haslam anasema meli itaondoka kabla ya majira ya baridi na kuna baharia anayekubali kupokea vitu vya wafungwa. Barua hii nimeifunga bila jina juu. Ukimaliza kuisoma ichane, uitupe majini. Lakini mle ndani ya meli hakuna nyapara wa kiwanda, na karatasi hii haina mwingine wa kuisoma, basi hapa chini niache niandike.

Dada yako,
Zillah Pilling